NANA (2006): anime (katuni ya Kijapani) ya mapenzi iliyoniteka na kunikera kwa wakati mmoja. Karibuni tuichambue

Tausi Mweusi (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Wale wa "katuni ni za watoto" naomba wapite kimya kimya, hakuna aliyewaita. Humu tunazungumzia watu wazima wenye kodi ya nyumba, wivu, mimba, mikataba ya muziki na sigara zisizozimika.

Tahadhari: namwaga mtama wote mpaka episodi ya 47. Yaliyoendelea kwenye manga (vitabu vya michoro vilivyozaa anime hii) baada ya hapo siyagusi, na anayetaka kuyagusa aweke onyo kabla.

Kwa ambaye hajaiona: NANA ilitengenezwa na studio ya Madhouse, ikarushwa Japani kuanzia Aprili 2006 hadi Machi 2007. Mwongozaji ni Morio Asaka, yule yule wa Cardcaptor Sakura na baadaye Chihayafuru. Imetokana na manga ya mwanamama Ai Yazawa, iliyoanza mwaka 2000 kwenye jarida la Cookie. Wasichana wawili wa miaka 20, wote wakiitwa Nana, wanakaa pamoja kwenye treni ya kwenda Tokyo. Theluji inaikwamisha treni njiani, wanafungua bia, mmoja anaongea bila kumeza mate na mwenzake anasikiliza. Nana Komatsu anamfuata mpenzi wake Shoji aliyeko chuo cha sanaa. Nana Osaki ni mwimbaji wa panki, anaenda kutafuta jina. Baadaye wanakutana tena kwa bahati kwenye nyumba ya kupanga, chumba namba 707, ghorofa ya saba, kila mmoja anakitaka. Wanaamua kukaa wote. Komatsu anapachikwa jina la Hachi, kwa mbwa yule maarufu wa Tokyo aliyekuwa akimsubiri bwana wake stesheni, maana naye hajui kuishi bila mtu wa kumfuata. Kuanzia hapa nikisema Nana namaanisha Osaki.

Nina hoja moja na nitaisimamia. Hii inaitwa anime ya mapenzi, lakini mapenzi yenye uzito humu ndani ni ya hao wanawake wawili pale 707. Wanaume ni wapita njia. Kila hadithi inapobaki kwenye kile chumba, na ile meza aliyoiunda Nana kwa mikono yake na zile bilauri mbili zenye michoro ya stroberi, inakuwa tamu kupita kiasi. Kila inapowakabidhi wanaume usukani, inapwaya.

Nianze na utamu. Wengi mtataja muziki, mimi nataja Sachiko. Mnamkumbuka? Kabinti kadogo wa mgahawani anakofanya kibarua Shoji. Usiku mmoja wametoka kazini wanakimbilia treni ya mwisho. Sachiko kavaa viatu vya visigino, hawezi kukimbia, treni inawaacha. Shoji, kama mwanaume yeyote asiyejua kinachoendelea, anamwambia si ungevaa viatu vya kutembelea. Binti anamjibu kwa sauti ndogo kwamba ameyafanya makusudi. Basi. Hakuna muziki wa kutisha, hakuna kicheko cha mwizi wa mume kama kwenye tamthilia tulizozoea. Na ubaya ni kwamba ukimtazama Sachiko humchukii. Mwandishi amekataa kumpa pembe. Shoji naye amechoka kweli: anasoma, anafanya kazi usiku, na mpenzi wake anataka abembelezwe saa ishirini na nne. Hachi anadeka, ananuna, pesa inamponyoka mkononi. Tangu wakiwa kwenye treni umempenda Hachi, na bado unajikuta unamwelewa Shoji. Ndiyo maana siku Hachi anapowakuta Shoji na Sachiko ana kwa ana inauma kote kote, na anayepandwa na mori wa kutaka kupigana ni Nana, si Hachi.

Hapo ndipo nilipojua hii si ya kuchukulia poa. Kuchepuka kumeelezwa hatua kwa hatua, kila hatua ndogo na ya kawaida, mpaka unajiuliza kosa lilianzia wapi.

Utamu wa pili ni kiburi cha Nana. Mpenzi wake Ren anapata nafasi ya kwenda Tokyo kupiga gitaa kwenye bendi ya Trapnest. Angeweza kumfuata. Anakataa, kwa sababu hataki kwenda mjini kuwa mke wa kupika na kusubiri mume arudi, yeye anataka kuimba. Wanaagana stesheni kwenye theluji, na kinachofuata ni miaka ya kujifanya hajali. Hadithi haituambii kama alikosea. Mimi mwenyewe mpaka leo sijaamua.

Sasa kero, na hapa nitatumia maneno makali kidogo.

Hachi anampata Takumi, kiongozi wa Trapnest, mwanaume wa kwenye mabango aliyekuwa akimuota. Takumi anakuja akipenda, anaondoka akipenda. Kisha Hachi anampenda Nobu, mpiga gitaa wa bendi ya Nana iitwayo Blast, kijana mwenye moyo. Kwa mara ya kwanza unaona mtu anapendwa na kupenda kwa usawa. Halafu mimba. Haijulikani ni ya nani. Takumi anasema ataikubali iwe ya nani, Nobu anaduwaa, na kabla hujavuta pumzi Hachi ameshahamishiwa kwenye nyumba ya kifahari Shirogane, mtaa wa Tokyo.

Sikasiriki kwamba alimchagua Takumi. Watu wanachagua hivyo kila siku. Nakasirika kwamba kuanzia hapo kila mtu anafunga mdomo na kusubiri mwenzake aanze. Nobu anasubiri. Nana anasubiri, huku roho inamtoka. Yasu, mpiga ngoma wa Blast aliyewekwa humo awe mwenye busara, anavaa miwani yake nyeusi na kuvuta sigara. Ukimya wa episodi moja unaumiza vizuri. Ukimya wa episodi kumi na kitu ni kumkatili mtazamaji. Na hapo hapo wanatuletea waandishi wa magazeti ya udaku, mameneja wa kampuni za muziki, vikao vya kupanga tarehe ya kutoa albamu. Nani aliwauliza?

Tena kuna sauti ya Hachi wa miaka ya baadaye, inayoongea na Nana mwanzo au mwisho wa episodi: "Nana, unakumbuka?" Mwanzoni inakupa ubaridi mgongoni. Unaelewa kwamba huko mbele kuna kitu kimevunjika. Ila ikirudiwa sana inageuka kuwa tangazo la msiba kabla mgonjwa hajafa. Ukimwona Nana anacheka tu, tayari mtu anakuambia lia.

Mwisho wenyewe ndio kabisa. Episodi ya 47 inaturusha miaka mbele, marafiki wanakusanyika 707 kuangalia fataki, Hachi ana binti yake Satsuki, na Nana hayupo. Yuko wapi? Kwa nini? Tumeachwa kwenye mataa.

Nimemaliza. Karibuni, hata mnaompenda Takumi (mpo, najua).

---

Pasi Ndefu

Mimi nipo na sijifichi. Mnamuonea Takumi.

Hebu tuwe wakweli. Binti ana mimba haijulikani ni ya nani. Wanaume wawili wamesimama mbele yake. Mmoja anasema mtoto ni wangu, iwe isiwe, nalea. Mwingine analia na kuondoka. Nobu alipewa mpira yuko peke yake na goli, akaanza kufunga kamba za viatu. Halafu nyinyi wadada mnakuja humu na "Nobu ana moyo". Moyo haununui nepi.

Na Takumi hakumdanganya Hachi hata siku moja. Alikuwa malaya tangu mwanzo na kila mtu alijua.

---

Shangazi Mtandaoni

Pasi Ndefu mwanangu, kaa hapa nikuambie.

Nimeiangalia hii na binti yangu wa chuo, yeye ndiye aliyenilazimisha. Tulipofika kwenye hilo eneo tukaisimamisha tukabishana mpaka chai ikapoa. Rudi ukaitazame tena kwa utulivu. Takumi anaposema atalea, anamtazama nani? Hamtazami Hachi. Anawasemea wale wengine, wasikie kwamba yeye ndiye mkubwa pale. Nobu alikuwa mbele yake, na Takumi alitaka kumshinda, akamshinda. Hajamuuliza binti wa watu: wewe unataka nini? Unataka kuzaa? Unataka kukaa wapi? Binti anaamuliwa kila kitu na anaambiwa ashukuru.

Kulea si tamko. Sisi tuliokwisha kupitia tunawajua wanaume wa "niachie mimi". Ukiachia, hutaona tena mlango wa nyumba ya rafiki yako.

Ila nakubaliana nawe kuhusu Nobu. Kijana wa kwao wana nyumba ya wageni, urithi unamsubiri, hana dhiki ya kumtisha, na bado alishindwa kufungua mdomo. Huyo hata mimi nilitamani nimzabe kibao.

---

Msee wa Githurai

Sasawa wakuu, mimi ni wa hapa Nairobi na hii nimeirudia mara nyingi kuliko nitakubali mbele ya watu.

Mnaongea Takumi na Nobu, na mimi shida yangu ni Ren. Huyo jamaa anavaa kufuli shingoni, ufunguo uko na Nana. Watu wote wanaona hiyo ni mapenzi ya ajabu, wanaweka picha kwa ukuta. Mimi naona ni watu wawili wamefungana na hakuna mwenye anataka kusema anaumia. Wakirudiana, mnafurahi kwa episodi ngapi? Wanaanza tena mashindano: bendi yako imeuza, bendi yangu bado, wewe ni nyota, mimi ni nani. Nana hawezi kulala bila huyo jamaa na pia hawezi kuwa chini yake. Kwangu hiyo ndio hadithi yenye iko na nguvu zaidi, na Tausi umeipitia haraka sana.

Halafu hiyo maneno ya vikao vya studio mimi nilipenda. Kama umewahi kuwa na bendi, unajua vile rafiki wanakosana mara tu karatasi za kusaini zimefika mezani.

---

Tausi Mweusi

@Msee wa Githurai hapo kwenye kufuli umenipiga penyewe. Sikatai kuwa Ren na Nana wameandikwa vizuri. Ninachosema ni kwamba wanakuwa wazito pale tunapoona Nana anavyorudi 707 akiwa na kidonda na Hachi anakigusa bila kujua. Ukiwaacha wawili peke yao mahali, wanavuta sigara na kutazamana.

@Shangazi shikamoo. Hilo la kwamba Takumi aliwasemea wale wengine sikuwa nimeliona, ila umeniongezea hasira tu.

---

Bomu Baridi

Nimeangalia episodi tatu nikaacha. Hakuna anayepigana, hakuna nguvu za ajabu, watu wanapika na kulia. Hivi inaanza kunoga wapi?

---

Zumaridi2

Bomu Baridi ndugu yangu, kama unasubiri mtu arushe moto, hautakuja. Episodi za mwanzo zinarudi nyuma kueleza Hachi alivyokuwa kijijini kwao na Nana alivyokutana na Ren, ndiyo maana unaona mwendo wa pole. Wakishaanza kukaa wote ndipo inakolea.

Sasa Tausi, nakuja kwako. Nimekubali hoja yako nusu, nusu nyingine nakupinga. Umemsamehe Nana mapema mno.

Nani alimleta Takumi 707? Nana! Alimwomba Ren amlete kama zawadi kwa Hachi, ili kumfurahisha. Mlango aliufungua yeye. Nani alikuwa akimsogeza Hachi kwa Nobu? Nana huyo huyo. Na si kwa sababu Nobu ni mtu mzuri tu. Akiwa na Nobu, Hachi anabaki ndani ya familia ya Blast, haendi popote. Mwenyewe anakiri moyoni kwamba anataka kumfungia Hachi asiondoke. Mama yake alimwacha akiwa na miaka minne, bibi aliyemlea alikuwa mkali kama pilipili, sasa mtu wa kwanza aliyemkaribisha na chakula mezani hataki amtoke. Namwonea huruma sana, lakini tusiite hiyo urafiki mtakatifu. Tofauti yake na Takumi ni kwamba Takumi ana pesa ya kupanga nyumba Shirogane.

Hiki ndicho kinachonifanya niirudie. Hakuna mtu msafi. Hata Hachi, anayelia kila siku, anajua kulia kwake kunafanya kazi gani.

---

Pasi Ndefu

"Tofauti yake na Takumi ni pesa." Zumaridi2 nakununulia soda.

---

Fundi Cherehani

Wanangu, mimi naingilia kwa upande wa nguo, maana ndizo zilizonileta.

Wateja wangu wadogo ndio walioanza kuniletea picha za NANA kwenye simu. Sketi ya mirabamiraba ya kahawia na nyekundu, pini kubwa pembeni, koti la kubana lenye zipu za kukaa upande, cheni. Nikaanza kutafuta nijue kinachoshonwa ni nini. Kumbe mambo mengi ni Vivienne Westwood wa Uingereza, yule mwanamama wa mitindo ya panki, hata ile pete ya chuma yenye viungo vinavyofuata kidole ni yake. Na Ai Yazawa mwenyewe alisomea mitindo. Inaonekana! Kwenye manga kila mkunjo wa kitambaa una sababu. Anajua bega la koti linakaaje mtu akikunja mikono.

Kwenye anime wamepunguza. Siwalaumu, kuchora mirabamiraba inayotembea ni mateso, hata kuishona tu ni mateso: ukikosea kulinganisha mistari kwenye mshono wa pembeni, sketi nzima inaonekana ya mtu aliyevaa gizani. Kwa hiyo wamerahisisha, rangi zimekuwa bapa, na mara nyingi picha inasimama mdomo tu ndio unaocheza. Wakitaka kuchekesha wanamgeuza Hachi kuwa kidude chenye kichwa kikubwa na masikio ya mbwa. Wengine inawakera, mimi nacheka kila mara.

Ila tazameni Hachi anavyovaa kabla na baada ya kwenda kwa Takumi. Mwanzo ni magauni mafupi ya kuchezea, maua, rangi nyepesi. Akishaolewa mawazo na yule bwana, mavazi yanatulia, yanakuwa ya mke wa mtu. Hakuna anayesema neno, nguo zimeshasema.

---

Shangazi Mtandaoni

"Akishaolewa mawazo." Fundi, haki ya Mungu.

---

Kurasa Nyuma

Naona hakuna msomaji wa manga aliyejitokeza, ngoja nisaidie bila kumwaga mtama.

Tausi unamlaumu Asaka na Madhouse kwa mwisho usiokamilika, lakini hawakuwa na pa kwenda. Anime imefuata takriban juzuu 12 za kwanza, na wakati inarushwa manga ilikuwa bado inaendelea. Ikafika juzuu ya 21, halafu mwaka 2009 Ai Yazawa akaugua na kusimamisha kazi. Haijarudi mpaka sasa. Kwa hiyo hata anayesoma ameachwa kwenye mataa hayo hayo, ila mataa yake yako mbali zaidi na kuna baridi kali. Hii ni hadithi iliyouza nakala zaidi ya milioni 50, si kitabu kilichosahaulika. Watu wanasubiri tangu wakiwa shule ya sekondari, sasa wana watoto wa kwao.

Waliochagua kumalizia pale kwenye fataki walifanya la maana. Walichukua kipande cha miaka ya mbele ambacho mwandishi alikuwa ameshakitoa, wakakifanya mlango wa kutokea. Wangeweza kujibunia mwisho wao, Nana na Hachi wakumbatiane stesheni, sote tukalale. Anime ngapi za miaka ile zimefanya hivyo zikaharibu? Mimi nawapa heko kwa kutodanganya.

Kuhusu ile sauti ya "unakumbuka?", soma manga uone. Iko hivyo hivyo. Ila kwenye karatasi unaipita kwa jicho, kwenye anime lazima uisikilize hadi mwisho, ndiyo maana inakuchosha.

Kero yangu mimi ni nyingine na nashangaa hakuna aliyeigusa: Shin. Mpiga besi wa Blast ana miaka 15. Mtoto. Maisha anayoishi na wanawake watu wazima, na uhusiano wake na Reira, mwimbaji wa Trapnest, hadithi inavipamba kana kwamba ni huzuni ya kimahaba. Yasu ni mtu wa sheria kabisa, anafanya kazi kwa mawakili, na anaijua hali ya kijana. Anamkaripia kidogo, basi. Kwenye kazi yenye macho makali hivi kuhusu makosa ya kila mtu, hapo macho yamefumbwa.

---

Zumaridi2

Nakuunga mkono kwa Shin asilimia zote. Kila akitokea huwa natamani mtu mzima mmoja tu amshike mkono ampeleke kwao, kisha nakumbuka kwao ndiko alikokimbia.

---

Mlinda Lango (msimamizi)

Nimefuta ujumbe mmoja wa mtu aliyemwaga mtama wa juzuu za mwisho bila onyo. Mhusika anajijua. Safari nyingine unapumzishwa. Endeleeni.

---

Msee wa Githurai

Nilikuwa nimeshasoma kabla ifutwe. Asante sana kwa kuniharibia wikendi.

---

Tausi Mweusi

Mimi nilifumba macho nikateremsha skrini kwa kidole, sijaona kitu, msiniambie.

@Kurasa Nyuma nimekuelewa kuhusu mwisho. Bado nabaki na langu. Kuacha hadithi wazi ni sawa, lakini wangeweza kuigawa vizuri nafasi waliyokuwa nayo. Wana episodi 47, na juu yake wakaweka zile tatu za marudio ambapo Junko, rafiki wa Hachi, anakaa kwenye kiti na kutusimulia tulichoona wiki iliyopita. Kwenye muda ule wote hawakupata dakika tano za Hachi na Nana kukaa kwenye ile meza na kuambiana ukweli kuhusu mimba? Nana anapolipuka, analipuka kwa wengine. Hachi anapolia, analia bafuni. Kila mmoja anamlinda mwenzake kwa kumdanganya.

Na @Zumaridi2, Nana simsafishi. Nilisema mapenzi yenye uzito, sikusema mapenzi safi. Anamng'ang'ania Hachi kwa kucha, ni kweli. Ila niambie: baada ya Hachi kuhama, nani kwenye hadithi nzima anakosa pumzi kwa sababu yake? Anakosa pumzi kweli, mpaka anaishiwa nguvu. Nobu analewa. Takumi anapiga simu. Nana ndiye anayeumwa.

---

Zumaridi2

Hapo sina jibu la haraka. Ila kuumwa kwa ajili ya mtu si lazima kuwe ni kumpenda vizuri. Ngoja nikalale nalo.

---

Pasi Ndefu

Swali la pembeni. Sauti ya Nana akiongea na akiimba ni ya mtu mmoja? Maana akishika kipaza sauti anakuwa mtu mwingine kabisa.

---

Kurasa Nyuma

Ni watu wawili. Anayeongea ni Romi Park, yule yule aliyempa sauti Edward Elric wa Fullmetal Alchemist. Anayeimba ni Anna Tsuchiya. Nyimbo za Reira zimeimbwa na Olivia Lufkin. Walifanya akili sana kuzitenganisha bendi: Blast inasikika kama watu wanaofanyia mazoezi gereji na hawajali jirani, Trapnest inasikika kama pesa. Ndiyo maana unapomsikia Nana akiimba unaelewa bila kuambiwa kwa nini anamwonea Reira wivu na kwa nini hataki kuwa yeye.

Kuna filamu pia za waigizaji hai, ya kwanza 2005, Nana kachezwa na mwanamuziki Mika Nakashima. Tazama hiyo. Ya pili, ya 2006, Hachi alibadilishwa mwigizaji na mimi nilishindwa kumzoea.

---

Fundi Cherehani

Ya 2005 nimeiona. Koti la Nakashima limekatwa vizuri sana mgongoni. Hadithi wameiminya.

---

Dereva Usiku

Mada nzuri, mmenishawishi, nimeanza. Bando langu dogo, naangalia nikiwa nasubiri abiria kituoni, simu nimeiegesha kwenye dashibodi. Naombeni kujua zipi naweza kuruka bila kupoteza kitu.

---

Tausi Mweusi

Ruka zile tatu za Junko, zina namba za nusu nusu, 11.5, 21.5 na 36.5. Nyingine zote angalia, hata zile za vikao ninazozisema vibaya. Na usizitazame mfululizo kuanzia ile ya mimba, utampelekea abiria hasira zisizomhusu.

---

Shangazi Mtandaoni

Na usitazame ukiwa unaendesha, baba.

---

Dereva Usiku

Sawa shangazi, gari limesimama. Niko ya tano. Huyu Hachi anapata kazi lini? Maana hela za wazazi wake zinaisha mimi ndio napata presha.

---

Zumaridi2

Kupata anapata. Kukaa nayo ndio mtihani.